Kazi ya mzazi: andika mkulima

Kila mwaka shuleni tulikuwa tunapewa fomu ya kujaza, jina la mtoto, kijiji, afu pale chini "kazi ya mzazi". Nampelekea baba, yeye hata haangalii, anasema andika mkulima. Nilipokuwa la tano nikajitutumua, lakini baba si unatengeneza baiskeli? Akasema hizo ni za kupitisha siku tu, we andika.

Mzee wangu kafanya kazi huyu, acha tu. Kaanza kukata mkonge mwaka 1969 kwenye shamba moja huku Korogwe, wanaamka usiku bado, majani 30 unafunga mzigo, mzigo baada ya mzigo mpaka jua likuchome utosini. Ncha ya jani ina mwiba mweusi, likikurudi usoni umekwisha, ana kovu hapa chini ya jicho la kushoto. Na enzi hizo mkonge ndo ulikuwa Tanga yenyewe jamani. Miche yake aliiagiza Mjerumani mmoja kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai 62 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Afu zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, mashamba yakaota msitu na mshahara ukawa wa kuahidiwa. Miezi yake mitatu ya mwisho hajalipwa mpaka leo, ukimkumbusha anatema mate kwanza ndo anajibu.

Hapo katikati kabeba mizigo stesheni, kachoma mkaa (mama hapendi itajwe), kaenda Lushoto kupasua mbao msimu mmoja akarudi na kikohozi.

Baiskeli ndo nazikumbuka mimi. Chini ya mwembe, beseni la maji, tyubu anaizamisha kidogo kidogo anaikamua, mapovu yakitoka anaweka kidole hapohapo bila kuangalia huku anaendelea kupiga stori na mwenye baiskeli. Anakwangua na msasa, solusheni, anapuliza, anasubiri. Sisi tulikuwa tunagombania kuzungusha tairi. Anasema mwanzoni mwa miaka ya 80, dukani hamna sabuni sembuse tairi, watu walikuwa wanamletea matairi yamepasuka ubavuni kabisa, yeye anatia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani anashona na singa za mkonge alizosokota mwenyewe, yani mkonge ulimnyima mshahara ila uzi ulimpa. Watoto sita tumesoma kwa viraka vile, na dada mkubwa akafika mpaka ualimu.

Michungwa kaipanda uzeeni, miti kama arobaini hivi, na msimu ukichanganya wachuuzi wanakuja wananunua ikiwa bado mtini kwa bei wanayotaka wao, hilo nalo tumeshabishana nae sana ila hasikii.

Juzijuzi nikampeleka kujiandikisha kitambulisho. Binti wa pale akauliza, kazi yako babu? Mi nikafungua mdomo niseme fundi, mzee akaniwahi, "mkulima." Binti akamtazama vidole, kucha zote nyeusi grisi maana asubuhi ile alikuwa kaacha cheni ya mtu haijaisha. Akaandika mkulima. Tukarudi mbiombio, mwenye cheni alikuwa anangoja.