Mwezi kumi na nne, Pingwe

Mtu aliyekulia Tanga hapangi shughuli ya baharini kwa kalenda ya ukutani. Mume wangu aliposema mwaka huu sikukuu ya ndoa yetu tuisherehekee Unguja, kwenye The Rock, ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe kule Pingwe, mimi nilitazama mwezi kwanza. Tarehe yenyewe iliangukia maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana. Nikamwomba tusogeze mbele mpaka mwezi kumi na nne, mwezi ukiwa mpevu. Yeye mtu wa Iringa, bahari kwake ni bahari tu, iko palepale siku zote. Akakubali ili yaishe.

Sababu yangu ilikuwa hii. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, yakakupwa kabisa mnamo saa nne usiku. Ukifika Pingwe saa kumi na moja unavushwa kwa boti, na ukimaliza kula unarudi kwa miguu yako palepale ulipopita na boti. Siku nyingine mambo hayapangiki hivyo.

Watoto tuliwaacha kwa bibi yao, tukapanda boti ya asubuhi kutoka Dar. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma, kwa hiyo baba watoto alinyamaza mpaka tulipouona mnara wa taa wa Chumbe. Mchana tukachukua teksi. Tunguu, kisha msitu wa Jozani, ambako dereva alipunguza mwendo kuwapisha kima punju wanaovuka barabara bila haraka yoyote. Hao hawapatikani nje ya Zanzibar, na nadhani wanalijua hilo. Paje tukakata kushoto, tukapita Bwejuu na Dongwe, minazi upande mmoja na hoteli upande wa pili.

Jiwe lenyewe ni dogo kuliko lilivyo kwenye picha. Paa la makuti, meza chache, na kibaraza cha mbao kwa nyuma kinachotazama bahari kuu. Bila kuweka nafasi mapema usijisumbue. Bei nazo ni za kitalii, nisikufiche. Sisi tulijichanga tangu mwanzo wa mwaka.

Kingine, usiende Pingwe kutafuta machweo. Ni upande wa mashariki, jua linazama nyuma yako, kwenye minazi. Wanaotaka machweo huenda Michamvi Kae, ng'ambo ya rasi, inayotazama ghuba ya Chwaka. Sisi tulichokifuata ni mwezi, nao ulichomoza kutoka majini wakati muhudumu anawasha taa, mwekundu, mkubwa, mpaka meza zote zikanyamaza. Mume wangu akasema, "Haya, mama, umeshinda."

Tulianza na pweza wa kuchoma. Ilibidi nimbembeleze, maana kwao hawakuzoea kula kitu chenye mikono minane. Muhudumu akamsaidia: pweza hupondwa kwanza akitoka baharini, bila hivyo utamtafuna mpaka alfajiri. Kipande cha kwanza alikimeza huku amefumba macho. Cha tatu alikichukua kwenye sahani yangu.

Kisha kamba kochi, amepasuliwa katikati kwa urefu, kitunguu thaumu na siagi vikichemka ndani ya gamba. Baba watoto akawa anatafuta yale makoleo makubwa anayoyaona kwenye filamu. Wa kwetu hana. Nyama yake iko mkiani. Alipambana na uma mpaka mchuzi ukaruka kwenye shati, nikamnyang'anya, nikamwambia nawa mikono ule. Mimi nikavunja miguu mmoja mmoja na kuifyonza, yeye ananitazama kama mtu anayemwona mkewe akimenya mua kwa meno kwa mara ya kwanza. "Kumbe siku zile ulikuwa unanivumilia tu na chipsi mayai zangu," akasema. Nikamwambia zilikuwa chipsi nzuri.

Tuligusia ada ya muhula ujao, tukaachana nayo. Hatukuwa tumezungumza hivyo, bila kukatizwa na mtu anayeomba maji ya kunywa, kwa muda mrefu.

Saa tatu tulishuka ngazi na viatu mkononi. Boti iliyotuleta ilikuwa imelala ubavu mchangani. Mbali kidogo watu wenye tochi walikuwa wakichokoa pweza kwenye miamba, na mtu wangu wa Iringa akasimama kabisa, akitaka kujua wanamwonaje gizani. Nilimvuta mkono mara mbili ndipo akatembea.

Kesho yake jioni, Forodhani, aliipita mishikaki, akaipita na urojo, akaenda moja kwa moja kwa muuza pweza na kuuliza kama na supu yake ipo. Pwani nzima inajua wanaume wanaitafutia nini supu ya pweza. Muuzaji akanitazama mimi, akacheka, akamwongezea kipande.