Nilivyoishi Cairo bila kiyoyozi

Kila mgeni anayehamia Cairo hupewa ushauri uleule na wenzetu waliotangulia: tafuta ghorofa ya juu kabisa upate upepo, tafuta dirisha linalotazama Mto Nile, na joto likikushinda nunua kiyoyozi. Ushauri huu umewatesa watu wengi mno na unaniudhi kila ninapousikia. Mimi nimepitisha majira ya joto kadhaa pale bila kiyoyozi, nikilala usingizi wangu vizuri, na sikufuata hata moja kati ya hayo matatu.

Paa la nyumba nyingi za Cairo ni zege bapa. Julai mchana joto hufika nyuzi 35, siku nyingine 40, na zege hulinywa joto hilo kutwa nzima kisha kulitema usiku, saa ile unayotaka kulala. Chumba cha juu nilipelekwa kukiangalia usiku, jua limeshazama zamani. Niliweka kiganja ukutani, ukuta bado una moto. Nikafungua bomba la maji baridi, yakatoka ya moto, kwa sababu tangi limekaa juu ya paa lilelile. Nikamwambia dalali asante, tushuke.

Nilichokitaka mimi ni nyumba ya bahri, ndivyo madalali wanavyoiita, yaani inayotazama kaskazini. Upepo mzuri wa Cairo hautoki mtoni. Unatoka kaskazini, upande wa Bahari ya Mediterania, na huvuma hivyo sehemu kubwa ya mwaka. Ndio uliosukuma matanga ya Wamisri wa kale kupanda mto kwenda kusini, wakati wa kurudi wakachukuliwa na mkondo. Nile inapita mjini ikielekea kaskazini, kwa hiyo madirisha mengi ya mtoni yanatazama mashariki au magharibi. Mwenye dirisha la magharibi anapigwa na jua tangu alasiri hadi linazama, na kodi ya mandhari analipa. Basi kila nyumba niliingia na dira ya simu mkononi, maana kila dalali anakuapia kwamba yake ni bahri, na wengi wao dira iliwakana. Mwishowe nikapata ghorofa ya pili mtaa wa Manial, kisiwani Roda: chumba kinatazama kaskazini, jiko lina kidirisha cha kusini, na kodi iko chini kabisa ya zile za kutazama maji.

Sisi watu wa pwani tumezoea madirisha wazi mchana kutwa. Jangwani ni kinyume. Usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 20 na kitu, kwa hiyo baridi ya usiku ndiyo mali ya kuhifadhi. Baada ya swala ya alfajiri nafunga vioo na vile vibao vya mbao vya nje, nyumba inakuwa giza. Jua likizama nafungua kaskazini na kusini kwa pamoja, upepo unakatiza nyumba nzima. Asiyeniamini aende Bayt al-Suhaymi, nyumba ya mwaka 1648 karibu na mtaa wa al-Muizz, akakae pale ukumbini kati ya nyua mbili. Uwanja mmoja una kivuli, mwingine unapata jua, hewa inavutwa kutoka upande wa baridi kwenda wa joto, na hakuna injini yoyote.

Sasa mtungi. Nilinunua mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, kwa pesa ya mlo mmoja wa koshari, chakula cha mtaani cha bei rahisi. Uweke dirishani kwenye upepo, umejaa maji. Udongo unatoa jasho, nje unalowa wote, jasho likikauka linaondoka na joto la maji. Saa chache baadaye unakunywa maji ya baridi ambayo hayaumizi koo kama ya friji. Hewa ikiwa kavu zaidi, mtungi unafanya kazi zaidi. Mei ni hodari, Agosti unapungua nguvu kidogo kwa sababu hewa ina unyevu. Usikubali mtu akuuzie uliong'arishwa, huo hautoi jasho.

Kuna siku za khamsini, kati ya Machi na Mei, upepo wa moto wenye vumbi la jangwani na mbingu inageuka manjano. Siku hizo funga kila kitu na uzibe chini ya mlango kwa taulo lililolowa.

Wageni wangu nawapangia saa kwa jua. Piramidi za Giza ni asubuhi mara tu lango linapofunguliwa, mchana tunalala, alasiri tunatembea hadi kipimo cha Nile hapohapo Roda. Kilijengwa mwaka 861 kupima mafuriko ambayo Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika 1970, liliyakomesha. Jua likishuka tunapanda feluka, mashua ya tanga ya Nile. Dada zangu mimi nawaambia wapande yale mabehewa ya wanawake kwenye metro, yana nafasi nzuri.

Na umeme wa Misri hutozwa kwa madaraja, ukitumia zaidi kila uniti inapanda bei, kwa hiyo wenye viyoyozi walinionea wivu kila bili ilipokuja.

Bahri ina gharama yake Januari. Chumba hakioni jua, sakafu ni vigae, usiku hufika nyuzi 10 na nyumba hazina mfumo wa joto. Nilitandika zulia zito ukuta hadi ukuta na meza ya kusomea nikaihamishia jikoni, upande wa kusini, hadi Machi.