Kitundu Kilichong'aa

Jumamosi ile ya Desemba 2011 tulikuwa na harusi moja tu, na kwa studio yetu ya Magomeni, msimu ule, hiyo ilikuwa sawa na likizo. Ndoa kanisani saa nane mchana, picha za maharusi Coco Beach kabla jua halijazama, halafu ukumbini Kinondoni saa mbili usiku. Mwenye studio hakuwa mjomba wangu wa damu, ila mtaa mzima ulimwita Mjomba na mimi nikafuata mkumbo. Alinikabidhi kamera kubwa, Canon 40D aliyoinunua kwa mtu, yeye akabeba flashi, taa na ile 300D ya zamani, "kwa lolote litakalotokea." Nilikuwa na miaka 22 na mwaka mmoja wa kazi. Nilijiona nimemaliza.

Memori, yaani kadi za kuhifadhia picha, tulikuwa nazo tatu, zote za aina ya CompactFlash. Waliozaliwa na SD hawazijui vizuri, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Kadi ya SD ina vipande vya rangi ya dhahabu vilivyolala bapa mgongoni, unaviona kwa macho. CompactFlash ni kinyume chake. Pini ziko ndani kabisa ya kamera, 50, zimesimama mistari miwili ya 25, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, na kadi ndiyo yenye vitundu 50 vya kuzipokea. Kadi ikiharibika, umepoteza kadi. Pini ikikunjika, umepoteza kamera, au walau umepoteza usingizi.

Kadi ya kwanza, ya GB 2, iliisha tukiwa nje ya geti la ukumbi. Matarumbeta yalikuwa juu ya pikapu yanaunguruma, shangazi zake bi harusi wameshafunga khanga viunoni wanacheza kinyumenyume kuelekea mlangoni, na gari la maharusi linasogea hatua kwa hatua nyuma yao. Nikatazama kioo kidogo cha juu ya kamera: zimebaki picha 11. Nikasema moyoni, nibadilishe sasa, nisije nikakwama wakati wanashuka garini.

Nilichofundishwa nilikifanya. Nilisubiri taa nyekundu izime, ndipo nikafungua kimlango cha pembeni, nikabonyeza kile kitufe, kadi ikaruka nje kidogo, nikaichomoa na kuitia mfuko wa shati. Kisha nikaingiza mkono mfuko wa suruali kutoa kadi ya pili. Ilikuwa humo bila kikasha, pamoja na funguo, sarafu na risiti ya daladala. Nikaielekeza, lebo ikinitazama mimi kama inavyotakiwa, nikaisukuma huku natembea kinyumenyume mbele ya mashangazi.

Ikaingia sehemu kubwa, halafu ikagoma.

Hapa ndipo ningetakiwa kuichomoa. Badala yake nikaweka dole gumba. Sikusikia mlio, matarumbeta yasingeniruhusu. Nilihisi tu kitu kidogo kikilegea chini ya kidole, kama unavyovunja punje ya mchele kwa ukucha. Kadi ikaingia mpaka mwisho, kimlango kikafungika, nikashangilia kimoyomoyo, nikawasha. Kioo kikaandika Err 02: kadi haisomeki.

Nikazima, nikawasha. Err 02. Nikairudisha ile kadi iliyojaa, ambayo dakika mbili zilizopita ilikuwa inapiga picha bila neno. Err 02. Hapo tumbo likaniambia kwamba kadi haina shida.

"Vipi?" Mjomba alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa gari.

"Betri imelala, Mjomba."

"Si nimekupa mbili?"

"Zote."

Alinitazama kidogo, akanirushia 300D bila kusema lolote. Ndani yake ilikuwa kadi yetu ya tatu, na kadi hiyo ilikuwa na picha za kipaimara cha Jumapili iliyopita ambazo mvivu mmoja hakuwa amezihamisha. Mvivu huyo ni mimi. Nafasi iliyobaki: picha 60 na kidogo. Sherehe nzima, kuanzia kuingia mpaka ndafu mpaka zawadi, kwa picha 60.

Kulikuwa na njia rahisi, na niliifikiria. Kadi ya pili ilikuwa bado mkononi, tupu. Niliikaribisha mpaka kwenye mdomo wa 300D, nikasita. Ningependa kuandika kwamba nilitumia akili. Sikutumia. Niliogopa tu, kama mtu aliyeumwa na siafu anavyoogopa uzi mweusi. Nikairudisha mfukoni, nikapiga zile 60 kama kondakta anayehesabu chenji: keki, picha nne, mama wa bwana harusi, mbili, ndafu mwenye majani mdomoni, moja, na hiyo moja flashi haikuwaka. Kuingia kwa bi harusi hatunayo nzuri mpaka leo. Aliyewaokoa wenye shughuli ni mtu wa video.

Jumapili usiku nilijifungia chumbani na tochi ya simu. Nilipomulika mdomo wa kamera niliziona pini: zimesimama kama jeshi, isipokuwa moja ya pembeni kabisa iliyolala ikaegemea jirani yake. Nikaamua mkosaji ni mchanga wa Coco Beach. Nikapuliza kwa mdomo. Nilipomulika tena, pini zilikuwa na matone ya mate.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili, kwenye korido yenye mafundi wa kila kitu. Fundi wa kamera alikuwa mzee mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji la uso.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Weka hapo."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa betri. Cha pili, kunusa. "Nani kakutuma upulize?" Sijui alijuaje. Akamulika ndani, akaguna, kisha akanyoosha mkono. "Kadi iko wapi?"

"Kadi nzima, fundi. Ni mchanga tu, tulikuwa ufukweni."

"Sijakuuliza mchanga. Lete kadi."

Aliishika chini ya taa, akavaa jichoni ile lenzi ndogo ya mafundi saa, akaizungusha upande wenye vitundu, akacheka kwa pua. Akanipa kadi na lenzi. "Hesabu vitundu vinavyong'aa."

Vitundu vyote vilikuwa vyeusi, kama macho ya panya. Kimoja, cha pembeni kabisa, kilikuwa na nyota ndani.

Ni kipande cha pini. Si pini ya kamera yetu, maana yetu ilikuwa imelala tu, haijakatika. Kilikuwa cha mahali pengine, kimevunjikia ndani ya kadi na kuziba kitundu kama kizibo. Nilipoichomeka kadi, pini ya kamera ilikwenda kuingia nyumbani kwake ikakuta mtu ameshalala mlangoni. Ingeweza kurudi, lakini nyuma yake kulikuwa na dole gumba langu.

"Kadi hii umeichomeka wapi juzi hapa?"

Ndipo nikakumbuka Alhamisi. Kompyuta yetu ya studio ilikuwa imegoma, nikaipeleka kadi kwenye kafe ya intaneti ya mtaani kuchoma CD ya picha za pasipoti za mteja. Pale palikuwa na kidude cha kusomea kadi, kinaning'inia kwenye waya, kila mtu anachomeka chake anavyojua. Wakati wa kuichomoa kadi ilikuwa imebana, nikaitikisatikisa kushoto na kulia mpaka ikatoka. Nikamweleza fundi.

"Basi wewe ndiye uliyeivunja ile, na wewe ndiye uliyeileta hapa," alisema, bila hasira, kama daktari anavyotaja jina la ugonjwa. Kadi za aina hii, alinieleza, hubeba maradhi: kidude kibovu kinaiharibu kadi, kadi inaiharibu kamera, na kamera ya pili, na ya tatu, kila utakapoichomeka. Nikamwambia kuhusu 300D na jinsi nilivyosita. Alinyamaza kidogo. "Ungezizika mbili usiku mmoja."

Kazi yenyewe ilichukua kama nusu saa, na sijawahi kuona mtu mzima akipumua taratibu namna ile. Alitoa sindano ya bomba la hospitali, ncha yake ameisaga ikawa butu. Aliipitisha mdomoni mwa kamera mpaka tundu la sindano likaivaa ile pini iliyolala, kama kofia. Kisha akainyanyua. Si kwa mkupuo. Kidogo, akaacha. Kidogo tena, akaacha, akamulika. Pini ikishakunjwa mara moja imechoka, alisema. Ukiipeleka na kuirudisha mara mbili tatu inakatika kama waya wa dirisha, na hapo ni kufungua kamera nzima na kung'oa kile kipande chote cha pini kwenye bodi kwa risasi ya kuchomelea na moto, kama kitapatikana cha kuweka. Aliponyoosha alitazama kutoka juu, kutoka ubavuni, akalinganisha na mstari, na hakuruhusu kadi yoyote iguse mle mpaka aliporidhika. Kisha akajaribu na kadi yake mwenyewe, mpya. Ikateleza mpaka chini kwa ncha ya kidole cha shahada. Nikaona namba za picha zinawaka juu ya kamera, nikataka kumkumbatia. Alitaka shilingi 15,000.

Toka siku hiyo kadi zangu hukaa kwenye vikasha, mdomo wa vitundu haugusi mfuko. Kabla ya kuchomeka naigeuza nautazama upande wa vitundu dhidi ya mwanga. Wenzangu hudhani naswali. Sibadilishi kadi nikitembea. Na picha nikiweza nazihamisha kwa waya wa USB kutoka kwenye kamera yenyewe, ili kadi isiingie na kutoka bila sababu. Siku hizi natumia SD, ambayo haina pini za kusimama kama hizi, lakini nayo ina vijuti vya plastiki kati ya vile vipande vya dhahabu. Kikivunjikia ndani unajikuta pale pale. Wanaobandika plasta za namba kwenye kadi siwezi kuwaelewa kabisa. Plasta inabanduka humo ndani kwa joto, na kadi haitoki tena bila koleo.

Nilirudi Magomeni saa sita mchana nikiwa na mpango wa kuirudisha kamera kabatini kimyakimya. Mjomba alikuwa anakata picha za pasipoti kwa kile kisu cha mkono mrefu. Hakuinua kichwa.

"Betri zimepona?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Maana jana nilizichomeka kwenye chaji. Zote mbili zilikuwa zimejaa."

Nikamweleza kila kitu, mpaka mate. Alimaliza kukata, akazipanga picha nne nne, akauliza swali moja tu: kile kidude cha kafe bado kipo palepale?

Kilikuwepo. Kijana wa zamu hakunielewa. "Mbona kinafanya kazi, braza? Asubuhi watu wamechoma CD tatu hapa." Na kweli, fundi alikuwa amenionya: pini ile ya pembeni ni ya ethi, na upande wa pili iko nyingine kama hiyo, kwa hiyo kidude kinaweza kuishi na pini 49 bila mtu kujua. Nikamulika ndani kwa simu, nikamwonyesha kisiki, na jirani yake ambaye naye alishaanza kuinama. Alitazama kwa heshima, akasema bosi hawezi kukubali kitupwe, kimenunuliwa kwa hela. Nikampa 5,000, nikakichomoa na waya wake, nikakitia mfukoni.

Mlangoni nikapishana na mpiga picha wa studio ya ng'ambo ya barabara, kamera shingoni, CompactFlash mkononi, anauliza kama kuna foleni.

"Kaka, samahani," nikamwambia. "Naomba nione vitundu."