Jinsi nilivyowazoesha sungura wadogo kujisaidia kwenye beseni

Alhamdulillahi, leo siku ya tisa sijafuta mkojo sakafuni. Nafuga sungura wawili wa miezi mitatu ndani ya nyumba, hapa Shangani, Mtwara. Walikuwa wakijisaidia kila mahali, hata kwenye mkeka wa kuswalia, na hilo liliniuma sana.

Nilianza na beseni la mchanga wa pwani, wakaufukua tu. Nikawafokea, wakawa wananikimbia.

Baadaye niliwazungushia eneo dogo, nikatazama siku mbili wanapenda kona ipi. Beseni likakaa kona hiyohiyo, ndani nikatandika magazeti yaliyochanwa na karatasi iliyolowa mkojo wao ili wanuse harufu. Sakafu nikaifuta kwa siki.

Bado ikawa nusunusu, mpaka nilipogundua suala la nyasi. Sungura hujisaidia huku anakula, ndivyo alivyoumbwa, nami nyasi kavu nilikuwa naziweka upande wa pili wa chumba! Nilizisogeza hadi ukingo wa ndani wa beseni, wasiweze kuzifikia bila kupanda humo. Jioni hiyohiyo wakaanza. Nikisafisha, nabakiza karatasi kidogo iliyolowa. Punje mbili tatu za kinyesi bado hudondoka nje, hizo nazirudisha ndani kwa mkono.