Jumapili Moja Kibuye, na Peni Yenye Tundu Pembeni

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshatandika kitambaa cheusi juu ya meza. Kibuye, soko letu la Kisumu, siku ya Jumapili haimngoji mtu. Saa za mkono napanga kushoto, sarafu kulia, na mizani ndogo ya sonara naiweka ndani ya kasha ili upepo wa ziwa usiichezee. Saa ndizo zinazolipa kodi. Sarafu ndizo zinazonitoa kitandani.

Saa mbili na nusu kijana wa boda ananiletea shilingi ishirini ya ndovu, zile zilizotoka 2018, kiini chake kimechomoza upande mmoja. Amesikia eti zenye kasoro zinauzwa maelfu. Kiwandani, pigo lile lile linalochora picha ndilo linalobana kiini ndani ya pete, kwa hiyo kiini kikikaa vibaya kabla ya kupigwa, mchoro hutambaa juu ya vyuma vyote viwili bila kukatika. Kwenye hii umekatika hapo penye kiungo, na nyuma kuna bonde la nyundo. Namwambia bado ni ishirini halali, arudi nayo kazini.

Saa nne mama mmoja wa Ahero anafungua leso. Shilingi ya Kenyatta ya 1966, juu ya shavu herufi zimezama, tena zinasomeka kinyume. Moyo wangu unauma, maana mwaka wangu wa kwanza niliuziwa moja kama hiyo na kuilipia mapato ya wiki nzima. Ni kazi ya jiliwa: sarafu mbili zinawekwa pamoja na kubanwa hadi moja inaiachia nyenzake alama. Iko kasoro ya kweli inayofanana nayo, pale sarafu iliyopigwa inaponasa kwenye chapa na kuigonga ile inayofuata. Lakini hiyo upande mmoja huwa na picha ya kinyume iliyozama, na upande wa pili picha yake kamili. Hapa Kenyatta bado yupo chini ya herufi, amebonyezwa tu. Namkalisha mama, nampa lenzi aangalie mwenyewe. Sipendi mtu aondoke akidhani nimemdharau.

Saa saba, ugali na omena. Mvua kidogo, kisha jua.

Saa nane na nusu anakuja mzee mwenye mkongojo, ananiita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Mkononi ana peni, ile senti kumi ya shaba ya enzi ya mkoloni. Nageuza: 1936, jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo aliachia kiti Desemba ya mwaka huo huo, hata taji hakuvikwa. Kwa kuwa peni na ndururu (senti tano) zetu zilibeba jina la mfalme bila sura yake, zilitoka. Si adimu, ziko nyingi. Kilichonifanya nisogeze kiti ni tundu. Haliko katikati kama la peni nyingine. Limesogea upande, limeula mzizi wa pembe moja ya ndovu.

Hapo ndipo uchunguzi huanza kwa dhati. Tundu la keekee huacha mikwaruzo ya mviringo ndani na ncha kali ukingoni, na hukata herufi kama kisu. Tena anayetaka kughushi atalifichaje tundu la katikati? Hapa lipo moja tu. Kisahani, yaani kipande kitupu cha shaba, hutobolewa kwanza, ndipo kinapigwa chapa, na shaba ikibanwa hutiririka kidogo kuelekea penye nafasi. Chini ya lenzi naona pembe imenyooka na kufifia ikilielekea tundu, na mdomo wa tundu ni mviringo, laini. Ukutu wa ndani ni ule ule wa usoni. Hii ilizaliwa hivi.

Ila upande mmoja wa tundu kuna mfuo mwembamba, unang'aa, umezama kama alama ya kamba kwenye ukingo wa kisima. Huo hautoki kiwandani.

"Baba, hii ilikuwa inafungwa wapi?"

Anacheka. Mama yake alikuwa mchuuzi wa samaki, peni zake zote alizitunga kwenye uzi na kuufunga kiunoni.

Nampa bei yangu, nzuri kuliko ya peni ya kawaida, nikamweleza pia kwamba mfuo unaipunguza kidogo machoni pa mnunuzi. Anauliza ni lipi hasa la kiwanda na lipi la mama yake. Namwonyesha kwa ncha ya kibanio, polepole, mara mbili.

Saa kumi na moja nakunja kitambaa. Mzee hakuuza. Nilimpa bahasha ya karatasi, naye akaniomba nimwandikie juu yake: tundu, kiwandani, mfuo, uzi wa mama.