Haki ya siku ya kuvuna

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki hii silali vizuri. Stoo kwangu hapa Tanga mjini kuna magunia kumi ya mahindi niliyovuna, zaka yake sijaitoa, na kila nikipita mlangoni moyo unanishtaki.

Jumamosi niliwapeleka wanangu Kabuku kwa shangazi, wajue mahindi yanavyolimwa, maana kwao ugali huanzia kwenye mfuko wa dukani. Shangazi akawapandisha kwenye dungu anakoamia nyani. Kisha akawaingiza jikoni. Juu ya mafiga mahindi yamening'inizwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Hiyo ndiyo mbegu. Moshi hauwapi fukusi nafasi. Akashusha moja, akapukuchua punje za kichwani na za kitakoni akazitenga za kula, akabakiza za katikati. "Mbegu ni hizi." Binti yangu akauliza kwa nini gunzi lina mapengo. Akajibiwa: kila unywele wa hindi una punje yake, usipopata ule unga wa ua, punje haiji. Suratul Waaqia ikanijia palepale: je, ni nyinyi mnaootesha, au ni Sisi? Nani kati yetu angeweza kuhudumia unywele mmoja mmoja wa shamba zima?

Na zao lenyewe lilitufikia kutoka mbali. Asili yake ni Mexico; wazee wetu walikuwa na mtama na uwele. Leo nyumba isiyo na unga wa mahindi tunasema ina njaa, hata kama mchele upo.

Lakini kilichonichoma ni uani. Mahindi yaliyokauka yamekwishapukuchuliwa, shangazi anapima kwa debe. Tisa ndani, la kumi kwenye mkeka. Tisa ndani, la kumi kwenye mkeka. Jua halijazama, wenye haki wakaja: mjane wa jirani, mzee asiyeona akiongozwa na mjukuu. Hawakuomba. Walijua siku. "Toeni haki yake siku ya kuvunwa kwake," ndivyo Mola alivyosema katika Suratul An'am. Kilichonyweshwa na mvua, fungu moja katika kumi. Kilichomwagiliwa kwa taabu, nusu ya hapo. Kikifika wasaq 5, kile kipimo cha nafaka cha Waarabu wa zamani. Sote tulifundishwa madrasa.

Mimi nina shamba linalopakana na lake. Mwaka jana nilipakia magunia kumi na mawili usiku, ili ndugu wasione, na walioniuliza niliwaambia mvua imekataa. Someni Suratul Qalam, wale wenye bustani waliotoka alfajiri wakinong'onezana, leo asituingilie maskini. Wao walikuta imeteketea. Langu halikuteketea. Niliuza kwa bei nzuri, na ndilo linalonitisha.

Ndugu zangu, tuache kusema "nitatoa Ramadhani". Mjane hana akiba ya kungojea Ramadhani yako. Zaka ya shamba siku yake ni mavuno, na ukiifungia stoo unafungia mali ya mtu. Wewe uliyevuna mpunga, wewe wa mtama huko Handeni, usimalize juma hili nayo ndani. Na kama ulidanganya kama mimi, toba bila kurudisha haki haijakamilika. Ya mwaka jana nayo ni deni.

Jana usiku nilimpigia shangazi, nikamweleza yote, hata ule uongo wa mvua. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yalete, mwanangu. Na upime mwenyewe, mchana, wakuone."