Nilivyozilaza taa za hoteli ufukweni Watamu

Mwenye hoteli alitaka cheti cha LEED, kile cha majengo yanayojali mazingira, nami nikapewa taa za nje. Sharti la uchafuzi wa mwanga niliona jepesi. Eneo lenyewe lina giza, liko daraja la LZ1 (LZ0 ni giza kabisa, LZ4 ni penye taa nyingi), kwa hiyo mwanga wa taa unaopanda juu usizidi kipimo cha U1. Nikanunua zenye U0, yaani zisizopandisha mwanga juu, karatasi za kiwandani nikazitia kwenye faili.

Mkaguzi alikuja usiku, akasimama chini ya nguzo ya kwanza. "Fundi, hii imeinuliwa." Kweli. Vijana wangu walikuwa wameinua kila taa kidogo imulike mbali, kama tulivyozoea. Kumbe ile U0 ni ya taa iliyolala bapa. Ukiiinua, karatasi haina maana tena. Tukarudi na ngazi, spana na pimamaji, nguzo zote 14.

Taa za ardhini za kupamba minazi tuling'oa kabisa, maana zinapiga angani moja kwa moja. Msamaha wa taa za bustani ni wa LZ3 na LZ4 tu, tena zizimike zenyewe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Askari wa zamu alinifuata. "Mwanangu, giza hili litatuletea wezi." Nikampeleka getini, kwenye taa moja kubwa ya zamani ambayo bado hatujaishusha. Kijana wangu alikuwa amejibanza ukutani nyuma yake. Mzee hakumwona kwa mng'ao. Nikamwambia aikinge ile taa kwa kiganja: akamwona, hadi rangi ya shati. Akasema, "Basi itoe."

Upande wa bahari nilidai zaidi ya sharti, na sikukubali kupunguziwa. Kasa hutaga kwenye ufuo huu. Vitoto vikitoka mchangani usiku hukimbilia kwenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa nyeupe ya baraza huvivuta bara, jua likavikuta huko na kuviua. Tukaweka taa za usawa wa goti, zenye kofia, mwanga wa rangi ya kaharabu, na sensa ya mwendo njiani.

Usiku wa mwisho nilishuka hadi maji yanapoishia, nikageuka. Hoteli ilikuwa na wageni tele, na kutoka pale mchangani sikuona globu hata moja.